Nilisoma Simu ya Mtoto

Naomba nianze kwa kukiri kosa, maana makala haya hayatakuwa na maana yoyote nikijifanya malaika. Usiku mmoja wa Alhamisi, saa sita na ushei, nyumbani kwetu Upanga, nilichukua simu ya mpwa wangu aliyekuwa amelala, nikashika kidole gumba chake taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, nikakigusisha kwenye simu mpaka ikafunguka. Mtoto wa miaka 12. Akageukia ukutani, akavuta shuka, akaendelea na usingizi wake. Mimi nikaenda jikoni, nikakaa juu ya ndoo, nikaanza kusoma.

Nilitumwa. Dada yangu, mama wa huyo mtoto, ni muuguzi, na usiku ule alikuwa zamu. Lakini kutumwa si kinga. Askari hutumwa, na mwizi naye mara nyingine hutumwa. Toka usiku ule swali moja limenikaa kooni, nami naliweka mbele yenu wana wa kijiwe hiki cha kalamu: je, ni halali kumpeleleza mtoto ili kumlinda? Na kama ni halali, mbona nilijisikia kama kibaka?

Tunakaa ghorofa ya pili katika jengo ambalo zamani lilikuwa la Msajili wa Majumba, mojawapo ya yale yaliyotaifishwa mwaka 1971. Mnaoijua Upanga mnajua tulivyojifungia. Nondo madirishani, nondo mlangoni, geti la chuma chini, na mlinzi na redio yake akimuuliza kila mgeni, "Unakwenda kwa nani?" Mtoto wetu akitoka shule gari humshusha pale pale getini. Hachezi barabarani, hatumwi dukani peke yake, wala hajui njia ya kwenda Kariakoo kwa miguu, ingawa ukishapita Faya ni mwendo mfupi tu. Dada alikuwa akijivuna mbele ya wenzake: "Mwanangu mimi hazururi." Kweli, hakuzurura. Alikaa chumbani na simu yake.

Na simu hiyo nilimnunulia mimi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, alipofanya vizuri mtihani wa darasa la tano. Halafu kuna jambo ambalo dada hakulijua kwa muda mrefu. Ule mtandao wa video fupi anaoupenda mtoto unataka mtu awe ametimiza miaka 13. Akaniuliza, "Anko, nijaze mwaka gani?" Nikaichukua simu, nikamjazia mwaka wa kuzaliwa wa uongo, tukacheka wote wawili. Kwa hiyo uongo wa kwanza katika simu ile uliandikwa na mimi mtu mzima, tena kwa furaha.

Mambo yakaanza kubadilika taratibu. Mtoto akawa hali vizuri. Simu ikilia anashtuka. Anaingia nayo chooni, anatoka macho mekundu, ukimuuliza anasema sabuni. Dada akanichukua hadi Kariakoo kwa fundi simu, kijana mmoja mcheshi mwenye meza yake barazani. "Dada, hii kazi ndogo," akasema fundi. "Naweka programu, kila anachoandika kinaingia kwako. Yeye hajui kitu mpaka anaolewa." Akataja bei. Dada akasonya, tukaondoka. Nasikitika kusema kwamba alikataa kwa sababu ya bei, wala maadili hayakuhusika. Njiani akaniambia, "Ya nini kumlipa mtu wakati wewe upo? Wewe si ndo mtu wa mitandao? Msubiri alale."

Basi bwana, jikoni nikayakuta. Mtu yule alijiita msichana wa miaka 14, wa shule ya jirani. Miezi miwili mizima walizungumza mambo ya kitoto: walimu, nywele, nyimbo. Mara nne alimrushia bando. Hapo nilisimama kidogo kusoma, maana sisi nyumbani tulikuwa tukimnyima bando ili asizidishe, kumbe kuna mtu nje anamjazia. Kisha akaomba picha akiwa amevaa sare ya shule, akapewa. Kisha akaomba picha ya namna nyingine, ambayo sina haja ya kuieleza hapa. Mtoto akakataa. Na hapo ndipo yule msichana wa miaka 14 alipotoweka. Maneno yakawa ya mtu mzima, mafupi, makavu.

Hakutishia kumpiga. Hakutishia kumteka. Alitishia kitu kimoja tu: "Nitamwambia mama yako." Jina la dada alikuwa nalo, na namba yake alikuwa nayo. Akasema atamtumia mazungumzo yote toka mwanzo, aone mwanawe anavyochati usiku na watu asiowajua. Siku nne mtoto alikuwa akimbembeleza. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa saa tatu na nusu usiku ule ule, wakati mimi niko sebuleni naangalia mpira: "Nakuomba usimwambie mama. Ataniua. Nitatuma Jumamosi."

Nililirudia lile neno "ataniua" sijui mara ngapi. Kwetu ni neno la kila siku. Nimevunja sahani, mama ataniua. Nimepoteza nauli, baba ataniua. Wote tumelisema na wote tuko hai. Lakini mle kwenye simu lilikuwa limekwisha kuwa mali ya mtu mwingine. Mtu yule hakuwa na kisu wala bunduki, hakuwa hata na sura. Silaha yake ilikuwa dada yangu. Ilikuwa mimi. Ilikuwa ile fimbo iliyolala juu ya kabati la vyombo. Biashara yake yote ilisimama juu ya jambo moja, kwamba mtoto anatuogopa sisi kuliko anavyomwogopa yeye. Mtaji tulimkopesha wenyewe.

Sasa turudi kwenye swali. Wako watakaosema limekwisha kujijibu: si umesoma, ukamwokoa? Ulitaka kungoja mpaka Jumamosi? Hoja hii ni nzito na siwezi kuibeza. Jirani yetu, mama mmoja wa makamo niliyemsimulia kisa hiki bila kutaja ni cha nani, alinijibu huku akichambua mchele: "Mtoto hana siri, baba. Siri ya mtoto ni ya mamaye." Wengi mnaosoma hapa mmelelewa kwa kanuni hiyo, nami pia.

Lakini hata wakubwa wa dunia walipokaa kulijadili jambo hili hawakulimaliza kwa urahisi namna hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, una mambo mawili yaliyogongana pale jikoni kwetu. Kifungu cha 16 kinamkinga mtoto asiingiliwe kiholela katika faragha na mawasiliano yake. Kifungu cha 34 kinataka alindwe dhidi ya unyonyaji wa kingono. Nikishika kimoja, nimekiacha kingine. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1990 na kuridhiwa na nchi yetu mwaka 2003, nao katika kifungu cha 10 unampa mtoto faragha yake, lakini unaongeza kwamba mzazi au mlezi ana haki ya kusimamia mwenendo wa mtoto kwa kiasi. Kwa kiasi! Basi wametuachia neno hilo tulipime wenyewe, kila mtu nyumbani kwake, saa sita za usiku.

Kipimo nilichokipata mimi ni hiki. Faragha ni mlango uliorudishwa. Ukigonga, aliyemo anakuitika. Siri ya mpwa wangu ilikuwa mlango uliokomewa, na komeo lenyewe ni woga. Mle ndani ya simu nilikuta pia amemwandikia shoga yake kwamba kuna mvulana wa darasa la saba anampenda. Hayo ni yake, hayakunihusu, na hadi leo naona haya kuyajua. Lakini mtoto anayemsihi mtu mzima asimwambie mama yake, huyo hayuko faraghani, yuko kifungoni. Ukiona moshi unavunja mlango, hungoji ruhusa. Kwa hiyo nikiulizwa kama nilipaswa kusoma usiku ule, najibu ndiyo. Ila ukishauzima moto unabaki na swali jingine ambalo kuvunja mlango hakulijibu: kwa nini aliyekuwa ndani hakupiga kelele?

Msidhani ni wetu peke yake. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu Tanzania. Ulikadiria kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kwamba katika mwaka mmoja asilimia 4 ya hao walifanyiwa ukatili au unyonyaji wa kingono kupitia mtandao, yaani kama watoto 200,000. Asilimia 4 inasikika ndogo. Basi jaza Uwanja wa Mkapa, wenye viti 60,000, ujaze mara tatu, na bado kuna watoto wamebaki nje. Waliokwenda polisi au kupiga simu ya msaada walikuwa wachache mno.

Na msaada upo, washikaji. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hailipiwi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha picha za ngono za watoto. Wenzetu wa Australia wamekwenda mbali zaidi: toka tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii imetakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Mambo mema yote. Lakini sheria ya umri mtu kama mimi anaivunja kwa kidole kimoja huku anacheka, na 116 inamngoja mtoto ambaye tayari amethubutu kusema. Aliyefunzwa kunyamaza haipigi.

Nani amemfunza? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumeambiwa. Nasi tunaoshika kalamu tumeifanya methali hii kiwanda. Hebu hesabu hadithi ulizosoma, au hata ulizoandika mwenyewe, ambamo msichana aliyependa disko, au lifti, au siku hizi simu, anaishia na mimba, ugonjwa au kaburi, kisha tunabandika funzo mwishoni. Mwanamume aliyemharibia anatokomea katikati ya hadithi, hana jina, hana mama anayemlilia aibu. Guu linalovunjika ni la msichana tu. Mpwa wangu anapenda kusoma, na hadithi hizo anazijua. Alipokaa na tishio lile siku nne, mwisho wa hadithi yake aliujua tayari, maana tulimwandikia sisi.

Na nje ya vitabu je? Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi, msichana aliyepata mimba katika shule ya umma alifukuzwa, hata kama aliyempa ni mtu mzima wa kumzaa. Agosti 2024 ilisambaa video ya binti mmoja wa Dar es Salaam akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume. Tarehe 30 Septemba mwaka huo mahakama huko Dodoma iliwahukumu wanne kifungo cha maisha. Haki imetendeka, tukasema. Lakini waliorekodi ni wachache, na sisi tulioirusha ni wangapi? Vijiweni tuliulizana, "Umeiona?" Wapo walioituma wakidai wanakemea. Picha za namna hiyo tumezipa hata jina la utani, tunaziita koneksheni, kana kwamba ni bahati mtu kapata. Mtoto aliyekaa pembeni anachezea kiberiti anatusikia. Anajua kabisa picha yake ikitoka tutafanya nini nayo. Yule mtu wa kwenye simu hakuwa na haja ya kumweleza.

Asubuhi ile nilimngoja dada getini, kabla hajapanda. Nikampa sharti: utasoma, lakini leo hutampiga. Akasoma amesimama, begi begani, sare ya kazi mwilini. Alipofika kwenye ule ujumbe wa mwisho akakaa kwenye ngazi. Mlinzi akazima redio. Dada akasema, polepole, kama anayeuliza bei ya kitu asichokiweza: "Yaani mwanangu ananiogopa mimi kuliko huyu?"

Sikumjibu. Tukapanda.

Hatukufuta kitu, na hili mlishike, maana wengi hufuta kwa aibu na ushahidi ukapotea. Tulipiga picha mazungumzo yote pamoja na namba na tarehe, tukamfungia njia asiweze kuandika tena, tukapiga 116, tukaenda dawatini. Suala liko huko, siwezi kulisema zaidi. Lakini kabla ya hayo yote dada alimwamsha mtoto, akakaa kitandani, akamwambia, "Nimejua. Wewe hujakosa." Alilirudia hilo la pili mara tatu, na nadhani ile ya tatu alikuwa anajiambia mwenyewe. Mtoto alilia mpaka akatapika.

Jioni ikawa zamu yangu. Nikamwambia mpwa wangu jinsi nilivyoifungua simu yake. Akakitazama kidole gumba chake, akakificha ndani ya ngumi.

"Anko, kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniambia?"

Akafikiri. Ni mtoto mkweli akipewa nafasi. "Hapana," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini ungeuliza tu."

Jibu hilo nimelitafakari kuliko vifungu vyote vya mikataba. Mimi nilikuwa napima kitendo changu kwa matokeo: nimesoma, nimemwokoa, basi. Yeye alikuwa anapima kitu kingine. Kuulizwa ni haki yake hata kama jibu ni hapana, maana mtoto asiyewahi kuulizwa atajuaje kwamba kusema kunawezekana? Miezi miwili nilikuwa naishi naye nyumba moja. Nilimuuliza kama amekula, kama amefanya hesabu, kama ameoga. Kwamba nani anamwandikia, na anajisikiaje akiandikiwa, sikumuuliza hata siku moja. Yule mtu ndiye aliyekuwa akimuuliza, "Leo siku yako ilikuwaje?"

Tukaweka utaratibu. Usiku simu zote tatu zinalala sebuleni juu ya friji, ya dada na yangu zikiwemo, maana mlinzi wa mtoto naye ana mtu anayemwandikia usiku. Nywila ya mtoto mama anayo, lakini anaifungua simu mtoto akiwa amekaa ubavuni pake. Ile akaunti yenye mwaka wa uongo tumeifunga hadi afike miaka 13, na hapo ndipo nilipokiri kwa dada, nikala maneno yangu ya halali. Mwisho ni ahadi ya dada: lolote utakalokuja kulisema mwenyewe, hutapigwa kwa ajili yake. Mtoto akauliza, "Hata likiwa kubwa?" Dada akameza mate. "Hata likiwa kubwa."

Fimbo bado iko juu ya kabati. Dada si malaika, na mimi nimekwisha kusema kwamba si malaika. Wako watakaotucheka kwamba tunalea kizungu. Wacheke, lakini waniambie: huyo mwanao anayekuogopa mpaka anatetemeka, yule mtu akimwambia "nitamwambia mama yako," atamjibu nini? Nyumba ambayo mtoto anaweza kujibu "mwambie tu, anajua" haina kitu cha kumuuzia mtu yule. Sijui ulinzi mwingine unaoshinda huo, iwe nondo, iwe programu ya fundi wa Aggrey.

Wiki ya tatu tulikuwa mezani, chai ya jioni. Mtoto alikuwa akivunja mkate vipande vidogo vidogo bila kula.

"Mama," akasema, "ile namba yako... mimi ndo nilimpa. Na jina lako. Aliniuliza mama yako anaitwa nani, nikamwambia."

Mkono wa dada ukanyanyuka. Niliuona. Mtoto naye aliuona, akafumba macho. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka kwenye birika, ukamimina chai katika kikombe kilichokuwa kimejaa tayari. Chai ikatambaa juu ya meza mpaka kwenye mkate.

"Haya," dada akasema, sauti ikimtetemeka. "Umemaliza?"

Mtoto akafumbua jicho moja, akautazama ule mkono.

"Bado," akasema, akavuta kiti chake karibu.